Alifunga Waya Kwenye Amplifaya ya Marehemu Baba

Nina miaka ishirini na nne, mama wa mtoto mmoja anayenyonya, mkazi wa Ilomba, Mbeya. Ninayoyaandika hapa yananitia kinyaa mpaka leo…

Baba yangu alikuwa mpasua mbao Mafinga. Aliacha amplifaya ya zamani, nzito, na spika zake mbili. Ukiiwasha ilikaa kimya kidogo, ikagonga "tak", ndipo muziki ukatoka. Baba alinifundisha kuwa hiyo ni kinga. Ndani kukiwa na hitilafu haigongi, inakataa kupeleka umeme mbaya kwenye spika. Isipogonga tafuta ugonjwa, usiilazimishe.

Alipofariki, mama alinikabidhi. Ombi lake lilikuwa moja tu… siku ya kuweka msalaba kaburini tupige kanda ambayo baba anaimba na kwaya, kwenye mashine yake mwenyewe.

Mume wangu ni fundi redio. Aliibeba, eti anaipuliza vumbi. Iliporudi, muziki ulitoka papo hapo, bila "tak". Nikamuuliza. Akacheka, akasema ameiboresha, mambo ya kusubiri ni ya kizee. Na mimi nikampikia kuku! Kuku, jamani!

Siku ikafika. Mchungaji kamaliza sala, watu wamejaa uani kwa mama. Sauti ya baba ikaanza… mama akafumba macho. Mara mngurumo, kisha harufu ya kuungua. Moshi ukatoka kwenye spika zote mbili! Baba akakatika katikati ya wimbo.

Mama hakulia. Alivua kitenge chake cha juu akazifunika zile spika, kama anafunika maiti.

Nikafungua mfuniko pale pale. Kile kidude cha kinga kimerukwa kwa kipande cha waya. Transista za baba, zile zinazokuza sauti, hazipo, zimewekwa feki! Kumbe kinga ilikataa kugonga, naye akaiziba mdomo ili nisijue.

Nilimuuliza zimeenda wapi. Bila aibu akasema kamfungia dada mmoja wa saluni kule mtaa wa Soweto, Mbeya, redio yake ilikuwa imekufa. Kisha akaongeza taratibu:

"Mama Neema, marehemu hasikilizi redio."

Mama ndiye aliyemjibu.

"Mimi nilikuwa nasikiliza, baba Neema."

Nilienda nyuma ya nyumba nikatapika. Mwanaume huyo nimelala naye kitanda kimoja! Anamwibia marehemu kumpendeza hawara, halafu anakuja kushika koleo la kufukia msalaba… ana moyo wa namna gani?

Sasa nipo Mafinga kwa mama. Wazee wanasema nirudi, vyuma tu vile. Vyuma! Kanda ipo, lakini mama hataki ipigwe kwenye redio ya jirani.

Wanawake wenzangu, kitu kilichozoea kukuonya kikiacha ghafla, msishangilie. Ulizeni, na jibu la kucheka msilikubali. Msipike kuku kabla hamjafungua mfuniko.