Honi ya Bibi Harusi

Kwanza ilikuwa honi moja tu iliyozidi.

Metwalli, mlinzi wa kivuko cha reli katika kijiji cha Kafr Abu Shanab, aliyajua magari yote ya asubuhi kwa masikio. Aliijua pikapu ya Zaghlul inayobeba wasichana wa shule, na lori la vitunguu ambalo honi yake ilikuwa na mafua mwaka mzima. Madereva wa huko husemezana kwa honi: husalimiana, hushukuriana, hutukanana mpaka mama mzazi, bila kufungua mdomo. Lakini asubuhi ile ya ukungu, mnyororo ukiwa umefunga barabara, mwisho wa foleni ililia honi nyembamba asiyoijua, na nyuma yake ikaja harufu ya breki zilizoungua na hina mbichi.

"Nani huyo nyuma yako?" akamuuliza dereva wa lori.

"Nyuma yangu hakuna mtu, Haji. Fungua bwana, vitunguu vinaota!"

Kesho yake ikalia tena, na keshokutwa. Kila ikilia, watu wazima waliotoka kwao na akili timamu walipagawa. Walimtukana Metwalli, wakamwita punda wa serikali, na mmoja akashuka kuunyanyua mnyororo kwa mikono yake.

Metwalli alianza kuogopa, maana kisa cha zamani alikijua. Huko msafara wa bibi harusi hausimamishwi njiani. Ni mkosi, na aliyeusimamisha hulaumiwa mpaka kaburini. Ndiyo maana mlinzi aliyemtangulia, Abdul-Tawab, aliposikia honi za harusi alifungua, na treni ikatokea ukunguni ikalizoa gari jeupe la bibi harusi. Watu walinong'ona kwamba kulikuwa na jini aliyepanda gari lile kabla ya bibi harusi, na kwamba hajashuka mpaka leo.

Akaitwa Sheikh Dasuqi. Akafukiza ubani relini, akasoma vizuri kabisa. Alipotaka kuondoka akakuta mnyororo umefungwa, akalala juu ya honi ya gari lake.

"Sheikh, hata wewe?"

"Nimechelewa, mwanangu! Nina mgonjwa mwingine!"

Metwalli akacheka kwa uchungu. Siku hiyo aliacha kungoja wa kumsaidia.

Alhamisi ukungu ulishuka mzito kuliko siku zote. Simu ya kibandani ikalia: treni imeshatoka stesheni ya nyuma. Akafunga mnyororo, akatia kufuli. Mbele ya foleni ilisimama pikapu ya Zaghlul, na nyuma juu yake, katikati ya wenzake, alikaa Nawara, binti wa pekee wa Metwalli.

Ndipo ikalia. Safari hii haikuwa mlio mmoja mwembamba; ilikuwa honi ya harusi, pii, pii, pi-pi-pi, na hakuna dereva wa nchi ile anayeisikia hiyo asiijibu. Lori likajibu, gari dogo la Fiati likajibu, Zaghlul naye akajibu huku akicheka macho yakiwa yamemtoka, "Bibi harusi, Haji! Fungua, usituletee mkosi!", na pikapu ikaanza kusogea taratibu hadi mnyororo ukakaza, na harufu ya hina ikamjaa Metwalli kooni, na alipotazama chini aliuona mkono wake mwenyewe umeshatia ufunguo kwenye kufuli na unauzungusha, wala hakukumbuka kuutuma.

Kando ya pikapu, upande usiopitwa na magari, likasogea gari jeupe lisilo na ngurumo. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Nyuma yake shela, na kidole chenye hina juu ya honi.

"Baba," ikasema sauti ya Nawara kutoka ndani ya gari lile. "Nifungulie. Nachelewa."

Akageuka. Nawara alikuwa pale pale kwenye pikapu, midomo imefumba, machozi yakimtiririka.

"Harusi ya saa moja asubuhi?" Metwalli akapiga kelele. "Nani anaoa na umande? Mwanangu hajawahi kunipigia honi, mshenzi wewe!"

Akaurudisha ufunguo kabla kufuli haijafunguka, akauchomoa, akautupa mferejini kando ya reli. Akauruka mnyororo, akasimama mbele ya bampa la pikapu, akaweka mikono miwili juu ya boneti.

"Zaghlul! Mwenye haraka anikanyage mimi kwanza!"

Treni ikapita mgongoni mwake, karibu mno, upepo wake ukampeperusha kilemba.

Honi zote zikanyamaza. Gari jeupe halikuwepo. Zaghlul aliitazama reli, kisha wasichana, akalia mbele ya watu bila aibu.

Ufunguo ulikuwa majini, hivyo ilibidi wangoje msumeno kutoka mjini. Walingoja kwa muda wa karibu saa mbili, na hakuna aliyeguna. Fikiria hilo: madereva, saa mbili, kimya.

Kisha ng'ambo ya pili ya reli, ndani ya ukungu, ikalia pii, pii, pi-pi-pi. Mkono wa Zaghlul ukanyanyuka wenyewe kujibu. Nawara akaingiza wake dirishani, akaushika, akaushusha mapajani mwa dereva.

Metwalli akavuta kiti chake, akakaa mbele ya mnyororo akiitazama ng'ambo.

"Piga," akasema. "Piga mpaka betri ife. Mimi hapa ndipo kazini kwangu."