Hukumu ya Picha Nambari Kumi na Nne

"Nambari kumi na nne," alisema Averil Gorringe. "Hii nimeiacha ya mwisho kwa makusudi."

Ukumbi wa kijiji cha Cygnet ulikuwa umejaa. Watu wapatao arobaini, wanachama wa klabu mbili za picha za bonde la Huon, walikuwa wameketi kwa safu, huku sahani za keki na skonzi walizotoka nazo majumbani zikingoja mezani nyuma yao. Lilikuwa shindano la kirafiki la picha nyeusi na nyeupe, zilizopigwa kwa filamu na kusafishwa kwa mkono. Kila picha ukutani ilibeba nambari tu. Majina yalikuwa katika bahasha ya katibu, Bwana Kerslake, na kwa desturi yao mwenye picha haruhusiwi hata kukohoa mwamuzi anapoizungumzia kazi yake.

Averil, mwamuzi wao mgeni, alikuwa ametoka mji wa Hobart asubuhi ile. Kabla hajawasha gari, dada yake Dorrie alimpigia simu kumkumbusha kwamba Lachlan Tibbs ni mwanachama huko. Akamuuliza kama anakwenda kuamua picha au kuamua kesi. Averil alijibu kwamba yeye haoni tofauti.

Lachlan alikuwa mchumba wake. Miaka saba iliyopita, zikiwa zimesalia wiki tatu wafunge ndoa, Averil alirudi kutoka kazini akakuta nusu ya kabati ni tupu, mashine yao ya kukuzia picha haipo, na ujumbe umeingia kwenye simu:

"Avie, nimeondoka na Noeleen. Hatukukusudia uumie. Jikaze, wewe ni mtu imara."

Noeleen alikuwa binamu yake, binti wa mama yake mdogo, ambaye walilala kitanda kimoja utotoni. Gauni lake la kumsindikiza bibi harusi lilikuwa limekwisha kushonwa. Tangu siku ile Averil hakuwahi kusema neno na yeyote kati yao.

Sasa wote wawili walikuwa mbele yake. Noeleen alikaa safu ya kwanza, amekonda, mikono imefumbatwa mapajani. Lachlan alikaa safu ya tatu, mguu juu ya mguu, akitabasamu kama mwenye ukumbi. Averil alidhani wametengana viti kwa aibu.

Nusu saa kabla ya kikao aliachwa peke yake na picha zile, ndipo alipoiona nambari kumi na nne: gati la mbao, mwanamke aliyegeuza mgongo, mbingu nyeusi kama masizi. Kuizunguka kulikuwa na ukingo mweusi, na katika pembe ya juu, kushoto, palitokeza jino dogo. Jino lile aliliweka yeye. Yeye na Lachlan walikuwa wakiipanua kwa tupa fremu ya chuma inayoshika negativi, ile filamu iliyosafishwa, ndani ya mashine yao, mkono ukateleza, Lachlan akacheka na kumbusu kidole. Tangu hapo kila picha waliyoitoa na ukingo wake ilitoka na jino pembeni. Hakuna mashine nyingine duniani yenye jino kama lile. Averil akajua mwenye picha ni nani, na moyo wake ukafurahi furaha isiyo njema.

"Mbingu hii," aliendelea sasa, "ni ya mtu anayetaka tuogope kwa sababu hana kitu cha kutuambia. Mwanamke huyu hakupigwa picha, ametumiwa. Aliyesimama nyuma ya kamera hakumpenda. Alimtaka awe pambo, na akishamaliza kupamba atamwacha palepale gatini."

Mzee mmoja alijikuna shingo. Haikuwa kawaida ya mashindano yao. Mwamuzi mgeni husifu kwanza, kisha hukosoa kwa upole, kisha watu hunywa chai.

"Weusi wake ni matope, na weupe wake ni chokaa," alisema Averil. "Ningemshauri mwenyewe auze kamera, anunue ufagio."

Averil alimtazama Lachlan na kungoja tabasamu lile lianguke. Halikuanguka. Lilizidi kupanuka.

Bwana Kerslake, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa mwalimu mkuu na bado alizungumza kama yuko gwaride la asubuhi, alisimama na bahasha yake. Alisoma kwanza majina ya wale ambao hawakupata nafasi. Alipofika mahali fulani alishusha miwani.

"Nambari kumi na nne. Noeleen Cuthbert."

Averil aligeukia safu ya kwanza. Noeleen hakumtazama. Alikuwa akiitazama picha nyingine ukutani, nambari sita.

Averil alingoja ajisikie ameshinda, maana naye Noeleen alikuwa na deni la machozi. Ushindi haukuja. Kumpiga mtu ukidhani unampiga mwingine si kisasi. Ni upofu tu, tena upofu wa mtu aliyeitwa kwa sababu ya macho yake.

"Mshindi wa kwanza," alisoma Bwana Kerslake, "aliyeteuliwa na mwamuzi wetu kwa alama zote, ni nambari sita. Lachlan Tibbs."

Watu walipiga makofi. Nambari sita ilikuwa picha ya mbwa aliyelala ndani ya sanduku la matofaa, mwanga ukimwangukia kwa mistari kutoka kwenye nyufa za banda. Averil alikuwa ameisifu kuliko zote. Alikuwa amesema kwamba aliyeipiga anajua kungoja, na kwamba ana huruma.

Lachlan alifika mbele, akamshika mkono, akainama sikioni kwake.

"Unaona, Avie? Jicho lako bado linanipenda."

"Mwachie mkono mwamuzi, Tibbs," alisema Bwana Kerslake. "Tuone negativi."

Hiyo ndiyo kanuni yao: kabla ya kukabidhiwa kikombe, mshindi hutoa negativi na mwamuzi huikagua hadharani, ili mtu asilete picha aliyoitengeneza kwa kompyuta. Lachlan alitoa mfukoni filamu yake ndani ya karatasi nyembamba, bila wasiwasi. Kama ilivyo ada ya watu wa chumba cha giza, ambao kukata negativi moja peke yake kwao ni sawa na kurarua ukurasa wa kitabu, alikuwa ameleta ukanda mzima wa picha sita.

Averil aliuweka juu ya kisanduku cha taa, akashusha lenzi. Mbwa alikuwapo, pua nyeupe, meno meusi. Kila kitu kilikuwa sahihi. Kisha, kwa mazoea ya kazi, aliusogeza ukanda akatazama picha ya jirani.

Lilikuwa banda lilelile na mbwa yuleyule, sasa amesimama. Juu ya sanduku alikuwa ameketi Lachlan mwenyewe, kiganja amekinyoosha mbele kama mtu anayekataa kupigwa picha. Basi aliyeshika kamera alikuwa mwingine, na aliyeishi naye alikuwa Noeleen.

Lachlan alikuwa amekwisha kuona mahali jicho la Averil liliposimama.

"Usogeze mbele huo ukanda, mpenzi," alinong'ona. "Mimi na Noeleen tumemalizana tangu Januari. Nilikosea, nakubali. Nipe hicho kikombe, twende tukale samaki Hobart, tuanze upya. Umesubiri miaka saba, si ndiyo?"

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa amesubiri. Kama angefumba mdomo, angempata mtu huyu usiku huohuo. Kama angeufumbua, angelipa kisasi, lakini kikombe kingekwenda kwa mwanamke aliyemwibia mchumba. Alimtazama Noeleen. Chuki yake kwake ilikuwa palepale, nzima, haijapungua hata chembe.

"Bwana Kerslake," alisema kwa sauti ya kufika mlangoni, "njoo utazame picha ya pili kwenye ukanda huu."

Mzee aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni Tibbs."

"Kamera ina kipima muda," alisema Lachlan haraka. "Niliiweka kwenye kiti nikakimbia nikakaa. Watu wote hufanya hivyo."

"Tazama sakafuni, karibu na viatu vyake," Averil alimwambia mzee. "Kwenye negativi kivuli huwa cheupe. Kile ni kivuli cha nani?"

Sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye viatu vya Lachlan, kulilala umbo la mwanamke mwenye sketi na kofia pana, viwiko vimeinuka, kamera usoni.

"Kiti hakivai sketi," alisema Bwana Kerslake.

Mtu wa safu ya nyuma alitoa kicheko kifupi. Bwana Kerslake alimgeukia Noeleen, akamwuliza kama anaufahamu ukanda ule. Noeleen alisimama taratibu. Alisema Lachlan alipohama aliondoka nao, akaiacha mashine ya kukuzia picha, na kwamba tangu aingie ukumbini alikuwa akiitazama picha yake mwenyewe ukutani.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Averil.

"Wewe ndiye uliyekuwa kwenye kiti cha hukumu, Avie. Ungeniamini mimi?"

Averil aliiweka lenzi chini. Aliugeukia ukumbi, akanyoosha mgongo.

"Mabwana na mabibi, nambari kumi na nne sikuihukumu. Nilidhani ni ya mtu niliye na kisa naye, nikamtukana yeye kupitia picha. Ni picha nzuri. Ningetenda haki, ingekuwa ya tatu. Msinialike tena kuamua."

Bwana Kerslake alitangaza kwamba katika klabu yao picha ni ya aliyeipiga. Akalifuta jina la Lachlan kwa mistari miwili, kwa rula, akaandika la Noeleen juu yake. Kisha akampa Averil kikombe.

Averil alikibeba hadi safu ya kwanza. Noeleen alikipokea kwa mikono miwili, machozi yakimdondoka.

"Avie, naomba..."

"Usiombe," alisema Averil. "Sijakusamehe, na pengine sitakusamehe. Lakini mbwa yule ulimwona vizuri."

Walipogeuka, Lachlan hakuwapo tena mbele ya ukumbi, na mlango ulikuwa unapigwapigwa na upepo. Watu walisimama kwenda kwenye chai. Simu ya Averil ilitetemeka mfukoni.

"Umenivua nguo mbele ya watu ninaoishi nao. Nitaonana nao vipi? Umefurahi sasa?"

Averil aliusoma ujumbe mara moja tu. Dirishani alimwona Lachlan amesimama kando ya gari lake, simu mkononi, akingoja.

Akaandika, "Ndiyo," akautuma, akabaki pale dirishani kumtazama akiusoma.