Aliyeitika Jina la Bogere

"Namono, simu yako."

"Nani huyo?"

Hemlata alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya duka la jumla, uso umempauka kama mtu aliyetoka kuugua. Duka lilikuwa la mumewe, Vallabh, pale Mbale karibu na soko, na Namono ndiye aliyewatunzia hesabu. Wanawake hawa wawili walizoeana hadi kuazimana viatu na kutaniana, lakini asubuhi ile Hemlata hakuwa na utani.

"Hemlata, nakuuliza wewe. Nani?"

"Anasema ni Bogere."

Kalamu ikamponyoka Namono. Haya, ungekuwa wewe ungefanya nini? Bogere alikuwa mchumba wake, kijana wa Jinja, na ilikuwa imepita mwaka tangu mtumbwi ulipopinduka chini ya bwawa jipya na mto ukaenda naye. Maiti haikuonekana. Kwao Busoga hawakukaa bure. Walikata mgomba, wakauvika sanda, wakauzika mahali pake. Namono alikuwepo. Aliutazama ule mgomba ukishushwa kaburini na moyo wake ukakataa katakata. Tangu siku hiyo kinywa chake kilikuwa hakijatamka kwamba Bogere amekufa.

Akaushika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Haloo?"

Waya ulivuma. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, nzito, ya kuburuta maneno. Namono aliijua.

"Namono. Ni Bogere. Jumamosi ni siku ya kujiandikisha. Njoo Jinja, nitakuwekea nafasi kwenye benchi, kama tulivyosema."

"Bogere? Uko wapi? Bogere!"

Mvumo ukazidi, ukameza kila kitu. Namono alikuwa karibu kulia pale sauti iliporudi, safari hii ya chini sana, kama mtu aliyeusogeza mdomo sikioni.

"Usikae dirishani. Baridi itakuingia kifuani."

Simu ikakatika.

"Ni yeye?" Hemlata aliuliza.

"Ni yeye. Maneno ya dirisha aliniambia kila tulipokaa pamoja, tangu nilipougua kifua. Hakuna mtu mwingine anayeyajua."

"Basi usiende, dada. Mimi naogopa."

"Mimi pia naogopa. Lakini nitaenda."

Wawili hao, Bogere na Namono, walikuwa wametuma maombi pamoja kabla ya ajali. Chuo kikuu kilitangaza kozi ya juu ya biashara na uhasibu, kwa watu waliokwisha kuhitimu, madarasa yake Jinja kila Jumamosi, ila ilichelewa mwaka mzima kuanza. Sharti lilikuwa moja: siku ya kujiandikisha mwombaji afike mwenyewe, aitwe jina, aitike. Asiyeitika, nafasi yake anapewa mwingine. Mbale nzima hakukuwa na mwanamke mhasibu wa daraja lile, na Namono alitaka awe yeye.

Ijumaa jioni alipanda nyumbani kwao, mlimani Wanale, kumuaga mama yake. Mama aliposikia habari ya simu aliacha kuchambua maharagwe.

"Sikia, mwanangu. Mtu aliyezikwa akikuita, usiitike. Ukiitika jina lako mbele yake, umekubali kumfuata."

"Mama, kule wataita majina. Nisipoitika nakosa kozi."

"Basi kosa kozi."

Mama hakuwa anatania. Namono alilala akisikia upepo unashuka mlimani, na kila ulipopita kwenye majani ya migomba alidhani anaitwa.

Jumamosi basi lilimfikisha Jinja, ukungu wa mto bado umeukalia mji. Ukumbi ulikuwa mkubwa, wa dari ya juu, na watu waliomo walikuwa wachache kuliko mabenchi. Mbele alikaa karani, kijana wa Kihindi aliyeitwa Pankaj, akifuta miwani yake kila mara kwa ajili ya unyevu.

Namono alisimama nyuma kabisa. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye benchi la mbele, kando ya dirisha.

Koti la kijivu. Kiraka cheusi kwenye kiwiko cha kushoto. Kiraka kile alikishona yeye mwenyewe, kwa uzi wa buluu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Aliyelivaa alikuwa amempa mgongo, mabega yameinama kidogo, na pembeni yake kwenye benchi ameweka leso kushika nafasi.

"Bogere!" aliita karani.

"Niko!"

Sauti ile ile. Namono aliziba mdomo kwa kiganja.

"Namono!"

Hakuitika. Alikuwa anayakumbuka maneno ya mama.

"Namono yuko? Namono wa Mbale?" Pankaj aliinua macho. "Naita mara ya mwisho, jamani. Kama hayuko, naita mwingine."

Mtu wa koti la kijivu alianza kugeuka. Namono alitaka kukimbia, akataka kumkimbilia, yote mawili kwa pamoja. Kama ni yeye, aliwaza, hata akinichukua na anichukue.

"Niko!" akapiga kelele.

Mtu akamaliza kugeuka. Hakuwa Bogere.

Pua ilikuwa ya Bogere, na kidevu pia, lakini uso ulikuwa wa kijana mwingine, mwembamba zaidi, macho mekundu ya kukosa usingizi. Namono alimtambua polepole. Alikuwa Isabirye, mdogo wake Bogere, mwalimu wa shule pale Mpumudde. Walionana mara moja tu, siku ya mgomba. Hasira zikampanda Namono mpaka machozi yakamtoka. Alimshika lile koti kwenye ukosi, akamtoa nje hadi barazani, watu wote wakitazama.

"Isabirye! Umenifanyia nini? Kwa nini unaniita kwa jina la kaka yako?"

"Usiniite Isabirye, Namono. Siku hizi sijibu hilo."

"Unasemaje?"

Akashangaa kweli, kijana wa watu. "Hawakukuambia? Mwezi uliopita tulimaliza matanga. Mimi ndiye niliyekalishwa kuwa mrithi. Nilivikwa koti lake, nikapewa mkuki, ukoo wote ukaniita Bogere. Shangazi Namukose alitumwa Mbale akujulishe."

"Hakuna shangazi aliyefika."

"Hakufika?" Isabirye akajishika kichwa. "Aa, Namono! Mimi nilijua unajua. Nilidhani unaongea na mrithi."

"Niliongea na marehemu! Siku tatu sijala!"

Neno likatoka lenyewe, *marehemu*, naye akalisikia.

"Nisamehe," Isabirye alisema. "Baba mdogo aliniambia, kila ahadi ya kaka yako sasa ni yako. Hii ya kusoma na wewe ilikuwa ahadi yake. Hesabu zenyewe sizipendi. Nilitaka kusomea kilimo. Lakini mama ananiita Bogere, majirani wananiita Bogere, hata nikinyoa naona uso wake. Kuna asubuhi naamka sijui mimi ni nani."

Namono alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekonda, na koti lilimpwaya. Kumbe walikuwa wawili walioshikwa na marehemu yule yule, mmoja kwa kukataa kumzika, mwingine kwa kulazimishwa kuwa yeye. Hasira ikampungua, huruma ikaingia.

"Na ahadi ya kunioa?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hiyo pia umerithi?"

Isabirye akaona haya. "Hiyo sikuambiwa na mtu. Siku ile ya mgomba, wote walikuwa wanalia kwa sauti. Wewe ulisimama tu unatazama. Sijakusahau tangu siku hiyo. Hilo ni langu mwenyewe, si la kaka."

Namono hakujua aweke wapi macho yake.

"Lakini na wewe," akasema ili ageuze maneno, "unanikataza kukaa dirishani, halafu unaniwekea nafasi dirishani!"

"Kukukataza? Lini?"

"Kwenye simu. Kwamba baridi itaniingia kifuani."

"Mimi?" Isabirye alirudi nyuma hatua. "Namono, mimi nilisema nitakuwekea nafasi kwenye benchi, laini ikakatika. Nilipiga kelele haloo, haloo, mpaka opereta akaniambia Mbale imepotea. Sijasema habari ya dirisha. Na kifua chako mimi ningekijuaje?"

Walitazamana. Ukungu ulikuwa unapita kati ya miti ya uani taratibu.

"Bwana Bogere! Bibi Namono!" Pankaj alichungulia mlangoni. "Mnaandikwa au hamwandikwi? Nitafunga hapa."

Wakaingia. Dirisha la mbele lilikuwa limefunguka, ingawa Namono angeapa lilikuwa limefungwa, na hewa ya mto ilimiminika juu ya benchi lile, juu ya leso nyeupe. Watu waliokuwa karibu walikwisha kuhama wakijikunyata.

"Haya," karani alisema, kalamu mkononi. "Bogere. Huyu ni wewe, bwana?"

Isabirye alifungua mdomo, jina likakataa kutoka. Alimgeukia Namono kama mtu anayezama.

Namono akasogea mezani. Kulisema jambo hili ilikuwa kukishusha kile alichokibeba mwaka mzima, na kukishusha kulimwuma kuliko kukibeba.

"Bogere hayupo," akasema. "Bogere amekufa. Alikuwa mchumba wangu, na amekufa. Nafasi yake mpe mwingine."

Akalia mbele za watu, kwa sauti, kilio alichokataa kulia kaburini. Pankaj alivua miwani asijue la kufanya. Isabirye alivua koti la kaka yake, akalikunja vizuri, akaenda kuliweka kwenye benchi la dirishani juu ya ile leso. Alivuta dirisha, nalo likafunga kwa urahisi.

"Na wewe basi ni nani, bwana?" karani alimwuliza, ametumbua macho.

"Isabirye," akajibu. Kisha akarudia kwa nguvu, kama anayejaribu kiatu kipya. "Naitwa Isabirye. Mimi sikuja kujiandikisha. Nimemsindikiza huyu."

Namono akaandikwa. Mwaka mzima alisoma katika ukumbi ule, akikaa upande wa ukutani, mbali na dirisha kama alivyoambiwa. Benchi la mbele hakuna aliyelikalia, na wala hakuna aliyetoa amri.

Siku ile ya kujiandikisha, kwenye kituo cha basi, Isabirye alimwuliza, "Naweza kukupigia simu?"

"Piga. Lakini taja jina lako kwanza. Lako, umesikia?"

Jumatano iliyofuata Hemlata akatokea tena mlangoni mwa ofisi, ameshika pazia la mlango.

"Namono, simu yako."

"Nani?"

"Anasema ni Isabirye." Hemlata akacheka. "Ametaja mara tatu, mpaka nimemwambia inatosha!"

Namono alikwenda akicheka na machozi yanamlenga. Walizungumza habari za shule, za mahindi, za mama yake Isabirye aliyekubali hatimaye kumwita mwanawe jina lake, na mwisho Isabirye akasema ataleta wazee wake Wanale baada ya mavuno, kama hakatazwi.

"Hukatazwi," Namono alisema.

Isabirye alipokata, Namono hakuurudisha mkono wa simu mahali pake. Aliubakiza sikioni, akafumba macho, akasubiri. Ulivuma waya tu, waya mtupu wa kutoka Jinja.

"Kwaheri, Bogere," akasema, akaikata simu.