Picha Kumi za Mdudu Mmoja

Wiki ile cherehani ya Fundi haikupumzika. Sare za shule zilijaa mpaka kwenye kiti cha wageni. Lakini kila akimaliza shati moja, Fundi aliinuka haraka. Alikwenda nyuma ya nyumba kutazama maharage yake.

Mistari yenyewe minne tu. Lakini ndiyo mboga ya nyumba nzima! Na sasa majani yalikuwa yanajikunja. Juu yake walitembea wadudu wa ajabu: weusi, wembamba, wana miiba mgongoni na madoa ya rangi ya chungwa. Ukubwa wao? Punje ya mchele.

"Vijimamba hivi!" mumewe alisema. Mtaani walimwita Mzee Fasta, na jina alilipenda. "Hawa ndio wanaotumalizia maharage. Nimeshaazima bomba la dawa. Kesho asubuhi wataniona!"

"Subiri basi, baba. Bibi shamba anataka picha kwanza. Dawa ya mdudu huyu siyo ya mdudu yule."

Bibi shamba, mtaalamu wa mimea wa eneo lao, alikuwa safarini kikazi. Fundi alishamtumia picha tatu. Jibu lilikuja kwa sauti, kwenye simu: "Mama, picha hizi ni ukungu mtupu. Nionyeshe mdomo wake na mgongo wake, ndipo nitasema."

Mzee Fasta aliangua kicheko. "Mdomo wa mdudu! Na meno je? Tumpigishe mswaki kabisa?" Kisha akakaza uso. "Kesho saa mbili, mke wangu. Kama picha haijapatikana, napiga dawa."

Fundi akaweka mkasi chini, akavuka barabara. Ng'ambo kulikuwa na mpiga picha za vitambulisho. Watu walimwita Cheka Kidogo, maana ndivyo alivyomwambia kila mteja.

"Shemeji, nisaidie. Simu yangu haioni."

Cheka Kidogo akaigeuza simu kwenye mwanga. "Shemeji, kioo hiki cha kamera unakifuta kwa kitu gani?"

"Kitambaa chochote cha pale mezani."

"Kimejaa chaki ya kuchorea nguo! Umempaka mdudu wa watu poda!"

Walicheka mpaka machozi. Akafuta kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kisafi. Kisha akatazama zile picha tatu.

"Na hapa ulivuta kwa vidole ili awe mkubwa?"

"Eee, si ili aonekane?"

"Ukivuta, ukungu nao unakua. Usivute. Sogea wewe." Akatoa lenzi ndogo ya kubana, kama kibanio cha nguo, akaibana mbele ya kamera. "Haya, chomoa hiyo sindano uliyoichomeka kifuani. Ilaze mezani, ncha ikuelekee. Piga."

Fundi akapiga. Weee! Ncha ya sindano ilikuwa kubwa kama msumari! Lakini akakunja uso. "Ncha naiona. Tundu limepotea."

"Ndiyo siri yenyewe hiyo. Ukiwa karibu sana, kamera inaona vizuri sehemu nyembamba tu, upana wa uzi. Kwa hiyo unapiga picha nyingi. Ya kwanza, fokasi iwe kwenye ncha. Ya pili, isogeze nyuma kidogo kwa kidole, hapa kwenye uso wa simu. Endelea hivyo mpaka kwenye tundu. Halafu programu hii inachukua pale palipo safi kwenye kila picha, inaunganisha yote."

"Kumbe ni shuka la viraka!"

"Eh! Sasa wewe ndiye mwalimu, mimi mwanafunzi," alisema Cheka Kidogo. "Lakini viraka lazima vikutane. Simu isisogee hata unywele. Kesho saa kumi na mbili na nusu nitakuja. Saa ile mdudu ana baridi, hakimbii. Na upepo bado haujaamka."

Asubuhi, Cheka Kidogo alipofika na lenzi yake, Fundi alikuwa tayari. Simu aliifunga kwenye kopo la nyuzi kwa mpira wa kiuno cha suruali, kopo akaliweka juu ya kigoda. Shina la haragwe alilibana kwenye kijiti kwa kibanio cha nguo, lisitikisike. Akaweka simu ihesabu sekunde mbili kabla ya kupiga, ili kidole chake kisiitingishe.

Picha ya kwanza, kichwani. Ya pili. Ya tatu. Ya sita...

"Bado tu?" Mzee Fasta akatokea na bomba mgongoni. Mguu wake ukagonga kigoda.

Programu ilipounganisha picha, wote watatu wakainama kutazama.

"Mungu wangu, ana vichwa viwili!" Mzee Fasta alipiga kelele. "Dawa maradufu!"

"Kichwa ni kimoja, bwana," alisema Cheka Kidogo. "Mguu wako ndio umeongeza cha pili. Turudie mwanzo."

Ilikuwa saa mbili kasoro robo. Jua lilishatoka, kali, likimetameta juu ya mgongo wa mdudu. Fundi akakimbia ndani, akarudi na kipande cha bitana nyeupe.

"Baba, shika hiki juu ya haragwe. Kilainishe jua. Na usitikisike."

"Mimi?"

"Wewe."

Basi Mzee Fasta, mtu asiyejua kusubiri hata chai ipoe, akasimama kama nguzo. Fundi akabana pumzi, kama anapotunga uzi kwenye sindano. Moja. Mbili. Mpaka kumi.

Safari hii mdudu alitokea mzima. Mdomo, miguu, miiba, kila doa! Na mdomoni alikuwa ameshika kitu kidogo cha kijani.

Fundi akatuma. Simu ikaita kabla hajakaa.

"Mama, bomba liko wapi?" aliuliza bibi shamba.

"Mgongoni kwa mume wangu."

"Alivue! Huyo hali majani. Angalia mdomoni, anakula kidukari. Vidukari, vile vya kijani chini ya jani, ndivyo vinavyofyonza maharage yako. Huyo ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo, mwenye madoa meusi. Mkipiga dawa mnamuua mlinzi, na vidukari vinarudi kwa wingi. Palipozidi vidukari, ambapo walinzi hawapo, osheni kwa maji."

Mzee Fasta akavua bomba polepole. Halikuwa limetoa hata tone.

Wiki tatu baadaye, majani mapya yalikuwa yamenyooka na maua yamefunguka. Ile picha ilibandikwa ukutani, katikati ya mitindo ya magauni. Asubuhi moja mteja alikuja kuchukua sare, akapita nyuma ya nyumba akiongea kwa sauti. Mzee Fasta, aliyekuwa amechuchumaa kwenye maharage mbele ya simu iliyofungwa kwenye kopo, akainua kidole.

"Shh! Pita polepole, ndugu yangu. Nimefika picha ya saba."