Kofia Isiyofuliwa

Jumamosi ile ya kwanza haikuwa na ajabu yoyote. Jua la Alabama la mwisho wa Agosti, moshi wa mbavu za nguruwe zinazochomwa nyuma ya magari, bendi ya chuo inapasha ngoma zake, na Jonelle, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kasimama kando ya Jiwe, lile la mlangoni mwa uwanja, kumsubiri mumewe apite. Amos wake wa miezi minne yuko kifuani, kavalishwa kakofia ka bluu ka chuo.

Timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha mji wetu, Pruitt, hutoka kanisani kwa miguu, na kila mchezaji huligusa Jiwe kabla ya kuingia uwanjani. Ndivyo tulivyokuta, na wala halikuwa likisaidia. Tulikuwa tumefungwa msimu mzima uliopita. Basi Corbin, mume wa Jonelle, mlinzi mwenye mabega kama mlango wa ghala, akalipita Jiwe kwa utani bila kuligusa, akampiga mwanawe kikofi chepesi kichwani. "Jiwe letu leo ni hili, jamani!" Wa nyuma yake akacheka, akagusa. Na wa nyuma yake. Timu nzima.

Amos hakulia. Mikono yote ile mikubwa, hakulia hata kidogo.

Wakashinda.

Sasa Pruitt ukishinda hubadilishi kitu. Kocha hafui soksi, kinyozi Dub anakalia kiti kilekile kilichovunjika, na Mama Verlene, mamake Corbin, anakoroga sufuria yake ya mboga kwa mwiko uleule. Ndiyo maana alipomkuta Jonelle kwenye sinki alishtuka kama kakuta mwizi.

"We! Unafua nini?"

"Kofia ya mtoto, mama. Inanuka."

"Iache inuke. Hiyo ndiyo tuliyoshinda nayo."

"Mama, huyu ni mtoto."

"Ndiyo maana nakwambia kwa upole." Akamnyang'anya kabla haijagusa maji.

Wakashinda tena, na tena, na tena, mji ukarukwa na akili, watu wasiomjua Jonelle wanamsimamisha dukani wainuse ile kofia, mezani kwake pai za viazi vitamu hazina pa kukaa, na kila Jumamosi pale Jiweni mikono, mikono, mikono. Akaja kugundua kitu Novemba, akitafuta mkasi mdogo. Lini alimkata Amos kucha mara ya mwisho? Hakukumbuka. Akamvua nguo. Zilikuwa zilezile za Agosti, na zilikuwa zinamtosha.

Mtoto wangu, aliyezaliwa wiki moja naye, alishakaa na ana meno mawili. Amos alikuwa amelala chali, anatazama dari.

Daktari akampima. Akabadilisha mizani, akampima tena. Vilevile. "Lakini mzima," akasema, kisha akachungulia mlangoni, akashusha sauti. "Jumamosi mnampeleka, eeh?"

Jonelle akamwambia mumewe.

"Corbin, mtoto hakui."

"Kuna watoto hukua polepole."

"Hakui."

Corbin akainamia viatu vyake. Akawa anafunga na kufungua kamba ya kiatu.

"Imebaki mechi moja, mpenzi. Watu wa ligi ya kulipwa wanakuja kuniangalia. Moja tu. Atakua baada ya hapo."

Kumbe alikuwa anajua.

Jumamosi hiyo Jonelle akaichukua kofia, akaifua kwa maji ya moto na sabuni, akajifungia bafuni na mtoto na redio. Haikuchukua muda, mlango ukagongwa. Nyuma ya sauti ya Mama Verlene kulikuwa na watu, wengi, wanapumua.

"Fungua, mwanangu. Wamesimama Jiweni. Wanamsubiri."

"Naumwa, mama."

"Wewe kuumwa si neno. Mpitishe mtoto dirishani."

Hakufungua. Mwisho timu ikaingia hivyohivyo, na redio ikaanza kupaza sauti. Wageni wakavuka mstari wa mwisho na mpira, wakapata alama. Amos akalia, kilio kikubwa, cha kwanza tangu Agosti. Wageni wakavuka tena. Kifungo cha kifuani cha nguo ya Amos kikakatika. Jonelle akatazama mikono ya mwanawe, kucha zilikuwa zinatoka. Zinatoka huku anaziona. Nywele zikamfunika masikio. Akamtia kidole mdomoni, akang'atwa.

Jino.

Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja redio ilipotaja namba ya Corbin. Kishindo. Kisha uwanja mzima kimya.

Nje watu waliacha kugonga. Ikabaki sauti ya Mama Verlene tu, ya chini, kwenye tundu la ufunguo.

"Jonelle. Corbin kaanguka. Hawezi kuinuka. Nipe mtoto niwahi naye. Wamguse tu. Jonelle, nakuomba, ni mume wako."

Kofia ilikuwa inadondosha maji kwenye kamba. Amos alimshika mama yake kidole kwa nguvu, nguvu ya mtoto aliyekula akashiba.

Jonelle akafungulia bomba hadi mwisho, asisikie.

Corbin anaishi. Kutoka shingoni kushuka chini hana chake kinachosogea. Siku Amos alipopelekwa kumwona hospitali mara ya kwanza alitambaa mwenyewe juu ya kitanda, akampiga baba yake kikofi chepesi kichwani, akacheka. Tangu hapo hapiti karibu na baba yake bila kumgusa.

Muuguzi mmoja alimnyoa Corbin ndevu jioni aliyoletwa. Sasa ni Machi, yuko nyumbani, na hajanyolewa tena. Hakuna cha kunyoa. Kila asubuhi Mama Verlene hupitisha kiganja kwenye shavu la mwanawe. Laini. Kisha hugeuka, akamtazama Amos, ambaye viatu vyake vya Krismasi havimwingii tena.