Lubaba Aliulizwa Maswali Mawili

Usigeuze uso. Ulimwona Lubaba alasiri ile akishuka vichochoro vya Kuze mbio mbio, buibui likipepea nyuma, machozi yamemjaa, na wewe ukainamia simu yako kama aliyepata ujumbe kutoka Makka. Ulijua. Mtaa mzima ulijua. Msichana amefaulu kidato cha nne kuwashinda wavulana wote wa pale, anataka uhandisi, na watu wazima wamekaa wakampangia. Ukasema hayanihusu. Basi soma.

Mkononi Lubaba alikuwa na ujumbe ulioingia sasa hivi:

"Mwanafunzi, chaguo lako la kwanza la chuo limebadilishwa. Mabadiliko yatafungwa leo saa kumi na mbili jioni."

Akampigia Sidi, rafikiye wa Majengo aliyesoma naye.

— Sidi, shoga, wewe umebadilisha chuo?

— Mie? Mie nimeng'ang'ania pale pale tulipochagua bara, kama chaza mwambani. Kwani vipi?

— Changu kimebadilishwa. Nimewekwa hapa hapa kisiwani.

— Nani kakubadilishia?

— Neno langu la siri twalijua watu wawili tu: mie, na mchumba wangu.

— Imtiaz! Sidi akapiga kelele. Huyo Imtiaz Valli wa saiba? Kamshike koo leo, harusi baadaye!

Duka la Imtiaz zamani lilikuwa la babu yake, likiuza vitambaa. Sasa lilikuwa saiba, lina kompyuta nne na mashine ya kutoa kopi, na vijana wote wa Kuze walichagulia vyuo hapo. Siku hiyo alikuwamo mteja mmoja tu, mama mnene aliyeleta kitambulisho kitolewe kopi.

— Salaam aleikum, alisema Lubaba, maana Kuze hata mwenye hasira huanza na salamu.

— Waaleikum salaam. Mbona wahema? Nikuletee maji?

— Nani kanibadilishia chuo?

Imtiaz akatabasamu, tabasamu la mtu anayengoja kushukuriwa.

— Mimi. Nilitaka ikufikie kama zawadi. Si tulikuuliza siku ya posa, mbele ya mama zetu? Ukaridhia.

Nikueleze siku hiyo ya posa, maana najua utajifanya hukuwapo. Msichana wa Kuze akiulizwa habari ya mume, hajibu. Huinama akanyamaza, na wazee husema kunyamaza kwake ndiko kukubali. Bi Hussaina, mamake Imtiaz, aliuliza: "Mwanangu, umemridhia Imtiaz?" Lubaba akainama. Vigelegele. Na kabla vigelegele havijapoa, akauliza la pili: "Na chuo, si utasoma hapa hapa, karibu nasi?" Lubaba akainama vilevile. Vigelegele tena, na sahani ya halua ikazunguka.

Nani alivitazama vidole vyake vikichuma nyuzi za zulia? Hakuna.

Na hakuwa wa kwanza. Khairunnisa mnamkumbuka? Yule aliyekuwa akifungua redio za mtaa mzima na kuzirudisha zikiimba. Akaulizwa, utaacha skuli? Akainama. Tukala halua. Mmesahau nyinyi, kwa sababu halua ilikuwa tamu.

— Ulinyamaza, Lubaba, alisema Imtiaz.

— Nilinyamaza mara mbili.

— Ndiyo! Mara mbili!

— Ya kwanza ilikuwa ndiyo. Ya pili ilikuwa la.

— Sasa mie ningepambanua vipi? Zote zilikuwa kimya!

Mama wa kopi akaingilia, hakuombwa:

— Chumvi na sukari zote nyeupe, mwanangu. Mtu huonja.

— Mama, kopi yako i tayari.

— Najua. Nangoja ipoe.

Lubaba akasogea mezani.

— Ningesema la pale, vigelegele vikilia, watu wangedhani nakukataa wewe.

— Lakini uhandisi si ni ule ule? Nimekuwekea ujenzi vilevile. Sikukuweka ualimu wa chekechea.

— Hukusoma maelezo ya kozi. Kule, mwaka wa tatu, wanafundisha kukarabati nyumba za mawe. Kuta za matumbawe, boriti, chokaa. Hapa hilo somo halimo.

— Yaani uende bara, kwenye baridi na mabati, ukajifunze nyumba za Kuze?

— Ndiyo. Na mie inaniuma kama inavyokuchekesha. Roshani ya kina Bi Nasiha ilipodondoka walikuja wataalamu kutoka mbali, wakapiga picha, wakala pilau, wakaenda zao. Wakaja wengine, pilau, wakaenda. Nataka atakayekuja tena niwe mimi. Na mimi sina pa kwenda, kwetu ni hapa.

Imtiaz akashika kipanya cha kompyuta, akakiachia. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

— Nikwambie kweli? Naogopa.

— Waogopa nini?

— Miaka mitano, Lubaba. Utakaa na vijana wa hesabu kubwa kubwa. Siku moja utarudi unitazame mimi, mtu wa kutoa kopi.

— Kopi safi sana, akasema yule mama.

— Imtiaz, nikiwa kidato cha pili ni nani aliyekuwa akiwafukuza watoto wa gemu kwenye kompyuta ile ya pembeni ili mimi nipate kuchora? Wadhani siku ya posa niliinamia zulia kwa sababu lilikuwa zuri?

Imtiaz akacheka bila kutaka. Lubaba hakucheka.

— Ukikiacha chuo hiki kama ulivyokiweka, nitasoma hapa. Nitaolewa nawe, nitakupikia, nitakuzalia. Lakini kila nikipita chini ya roshani iliyopasuka, nitakukumbuka wewe.

Hilo lilimwingia. 

— Na Mama je? Akisema posa irudi?

— Irudi.

Akajifuta uso kwa ncha ya buibui.

— Nitalia, Imtiaz. Lakini irudi.

Imtiaz akainuka, akakizungushia kiti chake upande wa Lubaba.

— Keti. Weka chuo chako mwenyewe. Na neno la siri libadilishe, nisilijue.

Lubaba akaketi. Mtandao nao siku hiyo ulikuwa umelemewa na nchi nzima. Duara likazunguka kwenye kioo, likazunguka. Ilikuwa imebaki nusu saa kufungwa. Imtiaz akazima kompyuta nyingine zote eti mtandao upate nguvu. Ndipo pazia la mlangoni likafunuliwa, wakaingia Bi Hussaina na Mwanarusi, mamake Lubaba, wametoka kununua leso za harusi, mifuko mikono yote.

— Makubwa! Mbona mkwe wangu kakaa kiti cha mwenye duka?

— Mama, nilikosea, alisema Imtiaz. Kile chuo Lubaba hakukiridhia.

— Hakuridhia vipi? Sote tulimsikia akinyamaza!

Lubaba akasimama. Hakuinama, macho aliyaacha usoni mwa Bi Hussaina.

— Mama, uliniuliza maswali mawili. Niwie radhi, naomba uniulize tena. Moja moja.

Bi Hussaina akamgeukia Mwanarusi.

— Dada, mwanao ana ulimi.

— Anao. Na mie nilikuwa nao, nikauweka mahali, sikuuona tena. Muulize.

— Haya. Umemridhia Imtiaz?

— Ndiyo, Mama. Nimemridhia.

Mama wa kopi akaachia kigelegele cha nguvu.

— Ngoja wewe, hatujamaliza! Na chuo? Utasoma hapa karibu nasi?

— La, Mama. Nataka kusoma bara. Nikimaliza nitarudi kwako.

Bi Hussaina akaiweka mifuko chini mmoja baada ya mwingine. Akavuta kiti, akakaa. 

— Huko utakula nini?

— Ugali na sukuma, Mama.

— Miaka mitano bila nazi! Laa ilaha illallah. Imtiaz, na wewe wasimama tu?

— Nifanye nini, Mama?

— Kamwambie babako nikahi ifungwe kabla ya safari. Aende akiwa mke wa mtu. Na likizo arudi kwangu.

— Likizo tutagawana, alisema Mwanarusi.

— Tutagawana, lakini Idi ni yangu.

— Idi moja.

Wakaendelea kuvutana, na katikati ya mvutano wao duara likasimama, ukurasa ukafunguka. Lubaba akaandika, akasoma mara mbili, akabonyeza. Simu ikatikisika mezani:

"Mwanafunzi, chaguo lako la kwanza limepokelewa."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanarusi aliushika mkono wa binti yake tu, akaushikilia.

Nikahi ilifungwa Kuze baada ya swala ya Ijumaa. Bi Nasiha aliutazama ukumbi kutoka dirishani, maana roshani hana. Sidi alicheza chakacha hadi akapoteza kiatu. Wiki chache baadaye Imtiaz aliwapeleka Lubaba na Sidi stesheni ya treni, akabeba masanduku yao, akabaki kupunga mkono hata treni ilipokuwa haionekani tena. Jioni simu yake ikalia:

"Mume wangu, hapa baridi kama barafu ya samaki bandarini Liwatoni. Nimepewa kitanda cha dirishani. Nina raha hata naona haya kukuambia."

Akajibu: "Usione haya. Niambie yote."

Sasa wewe. Usiandike mashallah hapo chini ukapita zako. Huyo wako yuko chumba cha pili, ameinama, na mmeshamwamulia. Weka simu hiyo. Inuka sasa hivi, mlango si mbali, kamwulize anataka kusoma nini na wapi. Akinyamaza usishangilie. Keti naye hapo hapo, umwulize tena.