Jicho Lisilo na Kumbukumbu

Alhamisi, saa nane mchana.

Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma cha karakana ya Fundi, na ukiwaweka wote watatu kwenye chekecheke, hupati mtu mzima mmoja.

Msumari alikaa juu ya meza kama aliyeichonga yeye. Jina hilo alijipa mwenyewe, na mtu akijipa jina la kutisha, ujue hakuna aliyemwogopa kiasi cha kumpa. Dereva alikalia ndoo iliyopinduliwa, anatafuna njiti ya kiberiti. Fundi, mwenye chumba, alikosa pa kukaa. Alisimama mlangoni kwake mwenyewe kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Rudia," Msumari alisema. "Kamera ngapi?"

"Nne," Fundi alijibu. "Mlangoni, kaunta, sefu, na mlango wa nyuma."

"Zinafanya kazi?"

"Zinaona. Hazikumbuki."

Akaeleza, na ukimsikiliza ungedhani anaeleza jambo la sifa. Picha zote hukimbilia kwenye kisanduku kilicho chini ya kaunta. Ndani ya kisanduku hukaa diski, na diski ndiyo inayotunza yaliyopita. Diski hiyo Fundi hakuiweka. Mwenye duka anatazama skrini, analiona duka lake kona zote, anajiona hata akijikuna pua, anaridhika. Lakini kila kinachopita mbele ya kamera hizo kinapotea palepale, kama maji juu ya jani la mgomba.

"Siku atakayotaka kurudisha picha nyuma je?"

"Atanipigia mimi. Kila mwenye duka humpigia fundi wake. Nitakuja na mkoba, nitafungua kisanduku wao wakiangalia juu kwenye kamera, nitapachika diski iliyoungua. Nitasema umeme ulizidi. Nitasikitika."

"Utaweza kusikitika?"

"Kusikitika naweza."

Dereva alicheka mpaka njiti ikamtoka. "Kizee kimenunua macho ya samaki wa kukaanga."

Kizee chenyewe kilikuwa na akili kuliko karakana nzima. Mama Sonara, mjane wa makamo, alikuwa akitengeneza na kuuza vito mahali palepale mumewe alipomwachia. Alizunguka wiki mbili akiuliza kabla ya kununua kamera hata moja. Alikuja kwa Fundi na daftari la shule. Jua la asubuhi likiingia mlangoni, kamera itaona uso wa mtu au kivuli chake? Umeme ukikatika? Picha zinakaa siku ngapi kabla hazijafutwa? Fundi alipompangia kamera kumi za bei rahisi, alizisukuma kando kwa kidole.

"Macho mengi mabovu ni upofu tu, mwanangu. Nipe machache yatakayomtambua mtu."

Akachukua nne nzuri. Akauliza tena zile siku. Fundi akamjibu kwa adabu zote, "Zinakaa mwezi mzima, mama," na mkono wake mfukoni umeishika ile diski.

Nani aliyempeleka Fundi kwa mama huyo? Dada yake, wa tumbo moja, aliyesimama kaunta ya duka hilo mwaka wa tisa sasa. Ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, ndiye aliyemnunulia bisibisi yake ya kwanza. Alimwambia mwajiri wake, "Huyu ni mdogo wangu. Kazi yake naidhamini mimi."

"Sharti langu mnalijua," Fundi alisema. "Jumamosi Dada anapumzika. Ndiyo maana ni Jumamosi. Yeye asiguswe na jambo hili."

"Nani ana haja na dada yako? Ana sura ya mtu anayesubiri mgonjwa."

Dereva akacheka. Fundi naye akacheka kidogo, kujipendekeza. Hapo ndipo mtu angemtemea mate.

Jumamosi, saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Gari lilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la mapazia. Mpango ulikuwa mfupi. Saa nne kamili Mama Sonara hufungua sefu, akatandaza trei zote juu ya kaunta kuzisafisha. Msumari ataingia na bastola. Fundi ataingia nyuma yake, kwa sababu ndiye anayejua swichi ya kengele ya hatari ilipojificha. Ataikinga isibonyezwe mpaka mfuko ujae. Dereva atakaa na usukani wake.

Dakika kumi kabla ya saa nne, mwanamke mrefu alitokea ndani ya kioo, akaanza kukifuta. Duara, duara, halafu chini.

Fundi alisogea mbele ya kiti.

"Yule ni Dada."

"Wacha kelele."

"Yule ni Dada yangu. Leo siku yake ya kupumzika."

"Nilimpigia yule mama jana." Msumari alikuwa akivaa glavu, kidole kimoja kimoja, taratibu. "Nikasema nataka pete za harusi, na nataka kuhudumiwa na yule dada mrefu mwenye maneno mazuri. Akasema atamwita. Mfanyabiashara hakatai mteja."

"Kwa nini?"

"Polisi wakifika watataka mtu. Usipowapa, watatafuta wenyewe. Wakitafuta wenyewe wataanzia kwa fundi wa kamera. Nimekulinda wewe, bwege."

"Tulikubaliana."

"Wewe ulikubaliana. Sisi tulikuwa tunakusikiliza."

Dereva akasema bila kugeuka, "Atakaa ndani miezi mitatu, minne, atatoka. Wanawake wanavumilia."

Mwanamume angefungua mlango wa gari na kupiga kelele barabara nzima isikie. Fundi alivaa kofia ya kuziba uso.

Saa nne na dakika mbili.

Kengele ya mlango ililia kama kawaida. Mama Sonara alikuwa na miwani puani na kitambaa mkononi, trei sita mbele yake. Dada alitabasamu, tabasamu la kumpokea mteja wa pete za harusi. Lilimfia usoni.

"Mikono juu ya kioo. Wote wawili."

Fundi alipita chini ya kaunta, akaikinga swichi kwa goti. Alikuwa hatua moja kutoka kwa viatu vya Dada. Viatu vyeusi, kisigino kimoja kimegandishwa kwa gundi. Ile gundi ilikuwa ya Fundi mwenyewe.

Msumari alimimina trei. Moja, mbili. Juu yao kamera ya kaunta ilitazama kila kitu, wazi kabisa, kwa ule ubora ambao Mama Sonara aliuulizia wiki mbili. Skrini ilimwonyesha Dada alivyo: mtu anayekaribia kuzimia kwa hofu. Kisha ikapoteza.

Mfuko ulijaa. Msumari alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akasimama hapo, akasema kwa sauti ya kirafiki:

"Asante sana, dada. Mambo yamekuwa kama ulivyotuelekeza."

Mama Sonara aligeuza shingo. Alimtazama Dada kwa juu ya miwani, muda mrefu, kisha akasogea pembeni hatua moja. Hatua moja tu. Miaka tisa ilitoshea humo.

"Mama," Dada alisema. "Mama, simjui."

"Twende," Msumari alimwambia Fundi.

Fundi hakuinuka.

"We kiziwi? Twende."

"Nenda."

Msumari alirudi, akampiga kitako cha bastola juu ya sikio. Damu ikashuka ndani ya kofia. Fundi aliegemea kaunta, goti likatoka kwenye swichi, mguu wa Mama Sonara ukaifikia, na kengele ikaanza kulia mtaa mzima. Nje, injini ilinguruma. Dereva, yule mwenye mawaidha ya uvumilivu, aliondoka bila kuangalia nyuma wala kufunga mlango wa abiria. Msumari alitoka mbio akiwa na mfuko, akaligonga pipa la taka, akaanguka, bastola ikateleza hadi chini ya gari la mboga. Wauza mapazia ndio walioanza kumkalia. Alisikika akilia kwamba wanamwumiza mkono.

Saa nne na dakika tisa.

Mama Sonara alizima kengele. Hakumsogelea mtu aliyekaa sakafuni, wala hakumsogelea Dada.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Kamera zitasema. Mpigie mdogo wako aje aturudishie picha nyuma. Zikikusafisha, nitakupigia magoti."

Dada akachukua simu haraka, karibu kwa furaha, kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya moto. "Atakuja sasa hivi, mama. Yeye ndiye aliyezifunga."

"Usipige," alisema mtu wa sakafuni.

Alivua kofia. Ilinata kwenye damu, akaivuta.

Dada hakupiga kelele. Aliiweka simu mezani, kifudifudi.

"Hakuna picha," Fundi alisema. "Hakuna hata moja, tangu siku ya kwanza. Diski sikuiweka. Mama, Dada hajui lolote. Alichosema yule ni uongo, alitaka mumkamate yeye."

"Nani atakuamini?" aliuliza Mama Sonara.

"Sijui."

Dada alikwenda kufunga mlango kwa ufunguo. Akarudi na kiti cha wateja, akakiweka katikati ya duka, akalitoa lile daftari la shule kwenye droo na kumkabidhi mwajiri wake pamoja na kalamu. Mdogo wake alijaribu kumshika pindo la gauni. Alilivuta pindo lake kama linavyovutwa kwenye mwiba, bila hasira.

"Kaa hapo," alisema. "Anza mwanzo. Na ukiruka kitu, mimi nitajua."

Fundi alikaa. Alisema jina la Msumari, lile la kweli alilopewa na mama yake, na Mama Sonara akaandika.